Kabla ya matone, tochi: majibu kwa wasomaji wa safu ya macho

Wiki hii nimechagua maswali ya mboni na neva ya jicho. Wengi wanaotufikia kliniki hapa Tabora wakiwa wamechelewa wana maelezo yaleyale: jicho jeupe, halina tongotongo wala machozi, ila halioni. Wakapewa matone dukani, wakasubiri.

Mke wangu ana miaka 29. Tangu wiki iliyopita jicho la kulia linamuuma akiligeuza, na anaona ukungu. Akiingia kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kuangalia moto haoni kabisa, akitoka akapoa linarudi. Matone ya dukani hayajasaidia. Ni mtoto wa jicho? (Urambo)

Hapana, bwana. Mtoto wa jicho kwa kawaida hauumi, wala hauji kwa wiki moja kwa mtu wa umri huo. Unayoyaeleza ni dalili za kuvimba kwa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 45, na wanawake kuliko wanaume. Utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva ukiharibika, joto la mwili likipanda kidogo tu ujumbe hukwama njiani. Daktari wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza hali hiyo mwaka 1890. Kwa hiyo mkeo hajitungii, na asiambiwe anakwepa kazi ya bani.

Nasema hivyo kwa sababu nilimpima mama mmoja anayepanga tumbaku kwa madaraja. Wenzake walimwona mzembe: majani ya rangi ya chungwa alikuwa anayachanganya na yaliyopauka. Nilimshikia kifuniko chekundu cha chupa ya matone. Kwa jicho la kushoto alisema, "Nyekundu, kama damu." Nikaliziba, akatazama kwa la kulia, akanyamaza kidogo. "Kama tofali lililopigwa jua." Ndani ya jicho lenyewe sikuona kasoro yoyote. Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wapatao thuluthi mbili, kwa sababu uvimbe uko nyuma ya jicho, mahali ambapo kifaa chetu hakifiki. Alikuwa ameshaambiwa mara mbili kwamba jicho ni zima, na kote huko hakuna aliyemulika mboni zake.

Mpeleke hospitali ya mkoa kesho, usingoje siku ya soko. Wengi huanza kuona vizuri ndani ya wiki chache, lakini lazima chanzo kitafutwe. Na akianza kuishiwa nguvu miguuni, mkojo ukikwama, au jicho la pili likafifia, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Daktari alikuwa anahamisha tochi jicho hili, jicho lile, mara nyingi. Alikuwa anatafuta nini? (Kasulu)

Alikuwa anazihoji neva zako mbili, moja baada ya nyingine, na huyo daktari umshukuru. Mwanga ukiingia jicho moja, habari hupanda kwa neva hadi ubongo wa kati, kisha amri ya kubana hurudi kwa mboni zote mbili kwa pamoja. Ukimulika la kulia, la kushoto nalo hubana. Sasa tuseme neva ya kushoto ni mgonjwa. Tochi ikihama kutoka kulia kwenda kushoto, ubongo hupata habari hafifu, kana kwamba wingu limepita juu ya jua, na mboni zote mbili hutanuka ilhali tochi inawaka mbele ya jicho. Paul Levatin alikieleza kipimo hiki mwaka 1959. Kinahitaji chumba chenye giza kiasi, mgonjwa atazame mbali, na tochi yenye betri nzima.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuuliza. Mtoto wa jicho, hata ukomae vipi, hauzifanyi mboni zitanuke hivyo. Mtu akitaka kukufanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, mwombe kwanza akumulike. Mboni zikitanuka, kuna ugonjwa mwingine nyuma, na unaweza kupasuliwa ukabaki huoni.

Nitumie matone gani jicho likififia? (wengi, tena)

Hakuna. Nimeshajibu, nitaendelea kujibu hivyohivyo. Matone hayafiki kwenye neva, na yale yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho.

Nilipewa vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya neva ya jicho. Rafiki yangu naye anaumwa, nimgawie? (Nzega)

Usimgawie hata kimoja. Nchini Marekani wagonjwa 457 walifuatiliwa, matokeo yakatangazwa mwaka 1992: waliopewa vidonge peke yake kwa kipimo cha kawaida, ugonjwa uliwarudia mara nyingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dripu ya methiliprednisoloni kwa siku tatu iliharakisha uoni kurudi, ingawa mwisho wa safari walikaribiana. Halafu steroidi kama hizi mbili zikimkuta mtu ana kifua kikuu au kaswende isiyojulikana, zinaweza kuuchochea ugonjwa. Apimwe kwanza. Wewe mwenyewe usiviache ghafla. Rudi kwa aliyekupa.

Natumia dawa za kifua kikuu mwezi wa pili. Nyekundu na kijani zinanichanganya, macho yote mawili. (Ujiji)

Nenda leo kliniki ya kifua kikuu na dawa zako mkononi, uwaambie hivyohivyo. Katika vidonge vya miezi ya mwanzo mna ethambutoli, na inaweza kudhuru neva ya jicho, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Wao ndio wataamua iondolewe. Usiache dawa zote kwa uamuzi wako, kifua kikuu kitakurudi kikiwa sugu. Na ukimulikwa ukaambiwa mboni ziko sawa, usiridhike: neva zote mbili zikiumia sawasawa, tochi haioni tofauti.

Kaka yangu alipofuka baada ya kunywa gongo mwaka jana. Miwani itamsaidia? (Uvinza)

Haitamsaidia, na pole sana, ndugu yangu. Gongo likiwa na methanoli, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huua neva za macho. Ukungu unaweza kuanza siku inayofuata, watu wakadhani ni uchovu wa pombe. Saa hizo ndizo za kuokoa: mnywaji anayeona ukungu mweupe akimbizwe hospitali usiku huohuo, na wenzake waliokunywa chombo kimoja naye wapelekwe pia, hata kama wanaona vizuri.

Mboni zangu hazilingani tangu utotoni. (Sikonge)

Tofauti ndogo ya tangu zamani si ugonjwa. Takriban mtu mmoja kati ya watano anayo. Ikitokea ghafla, kope likaanguka na kichwa kikauma, usilale nyumbani.

Naweza kujipima kwa tochi ya simu? (Kigoma mjini)

Mboni, hapana, huwezi kujitazama huku umejimulika. Chukua kitu chekundu, hata kitenge, simama penye mwanga, ziba jicho moja utazame, kisha ziba la pili. Wekundu ukipauka upande mmoja, njoo. Ukifika, waambie wahudumu umekuja kumulikwa mboni.