Kilimo shadidi cha mpunga kinalipa, ila maji uwe unayaamrisha wewe

Mkuu, umeuliza kama kilimo shadidi, yaani kupanda miche michanga mmoja mmoja kwa nafasi na kumwagilia kwa vipindi, kinaweza kukuongezea mpunga kwenye ekari zako mbili bila kukodi nyingine, na kwa nini jirani yako alijaribu akaacha. Nalima kwenye skimu ya umwagiliaji huku Mvomero, Morogoro, si mbali na Mkindo ambako watu wa SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) walifanya majaribio ya njia hii, kwa hiyo nakujibu nikiwa na tope miguuni.

Kinaongeza, tena sana. Lakini kama unategemea mafuriko ya bondeni yanayokuja na kuondoka yanavyotaka, achana nacho.

Njia yenyewe haikutoka maabara. Padre Mjesuiti Mfaransa, Henri de Laulanié, aliibaini Madagaska mwaka 1983, pale miche ya siku 15 ilipolazimika kupandikizwa kabla ya wakati ikachipua kuliko ile iliyozeeka kitaluni. Mche ukihama ungali mchanga, ukapata nafasi, na mizizi yake ikapata hewa, shina moja linatoa machipukizi mengi mno. Sisi tulizoea kusubiri wiki tatu au nne, tunachomeka mitatu hadi mitano pamoja, kisha jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo, linajaa maji mpaka karibu na kuvuna.

Anza na mbegu. Tia chumvi kwenye ndoo ya maji, koroga mpaka yai bichi lielee na kuonyesha kipande kidogo tu juu, ndipo umwage mbegu. Zinazoelea ni pepe, tupa. Zilizozama zioshe chumvi yote, loweka, funika zichipue, kisha usie. Kati ya siku ya 8 na ya 12, miche ikiwa na majani mawili, ichote pamoja na udongo wake. Usiivute, wala usiipige mguuni kutoa tope kama tulivyofundishwa na wazee. Pandikiza muda huohuo, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, juujuu tu. Hapo unapata miche 16 kwa mita ya mraba, kama 65,000 kwa ekari, na kilo tatu za mbegu zinatosha pamoja na za kuziba mapengo. Wiki mbili za kwanza shamba halitazamiki. Mama mkwe wangu alipita akauliza kama hela ya mbegu ilikuwa imeniishia.

Sasa maji. Unaingiza kidogo, unaacha yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa nyembamba, unaingiza tena. Mpunga ukifika kuchanua usiuache ukauke. Nahisi hapa ndipo jirani yako alipokwama: yeye anakausha, wa juu yake anafungulia, kingo zinavuja. Au jaruba halikusawazishwa, upande mmoja miche imezama na mwingine imekauka. Miche midogo namna ile ikizama siku kadhaa imekwisha. Ongea na kamati ya maji kuhusu zamu kabla hujasia, na ikiwezekana wenye majaruba yanayopakana na lako mwingie pamoja. Mtu mmoja kukausha katikati ya wanaojaza ni kazi bure.

Halafu magugu. Maji yakipungua nayo yanaamka. Mashine ya palizi ya kusukuma kwa mkono ianze kama siku ya 10 baada ya kupandikiza, urudie kila baada ya siku 10 hivi mpaka majani yafunike ardhi. Mistari isiponyooka pande zote mbili mashine itang'oa mpunga wako, kwa hiyo kamba yenye vipimo si urembo. Vibarua watadai zaidi kwa kupanda kwa kamba, na wana haki. Wape hata siku moja ya mazoezi, maana wengi wakiona mche mdogo vile wanaongeza wa pili kwa huruma.

Mbegu gani? SARO 5, yaani TXD 306. Ni fupi na inabeba mbolea bila kulala. Supa ina soko kwa harufu yake, lakini ni ndefu, ukiizidishia mbolea inaanguka. Mimi SARO ndiyo ya kuuza, Supa naweka jaruba moja la kula nyumbani, na hapo sitaki ubishi.

Usianze na ekari zote mbili. Chukua robo ekari iliyo karibu na lango la mfereji, tena kiangazi. Masika mvua ndiyo inayopanga zamu.