Golf GTI: chipu isubiri

Mkuu, nimekuelewa: gari lako ni Volkswagen Golf GTI ya 2006, Moshi–Arusha kila siku, mara mojamoja uikimbize kwenye siku za mbio, na fundi anakuhimiza uanze na chipu, yaani kubadili programu ya kompyuta ya injini ili nguvu iongezeke. Mwambie asubiri.

Kwanza fungueni pampu ya mafuta ya presha kubwa. Chini yake kuna kikombe cha chuma kinachosukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini), na kwenye injini hiyo ya TFSI (ya petroli yenye tabo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) huwa kinalika. Changu nilikikuta weusi umeisha katikati, kinang'aa kama sarafu. Kikitoboka, kamshafti nayo inaliwa, na hapo ndipo utauza mbuzi.

Halafu pedi za breki na mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4. Ya zamani yameshanyonya maji. Yakichemka, pedali inazama hadi chini. Shokapu ngumu sana achana nazo, matuta yetu unayajua (mgongo wangu shahidi).

Chipu mwisho. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, tabo inahangaika zaidi. Chipu ipangwe kwa petroli unayojaza hapa. Ukikanyaga ukasikia injini inagonga, achia mguu, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupima.