Kuvizia treni ya mvuke milimani Colorado: nisimame wapi, niweke shata ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Denver. Babu yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli Tabora, na mama ameniomba nimtumie picha za treni ya mvuke ikitembea, siyo zile zilizoegeshwa makumbusho. Nimepanga siku tatu mwisho wa Septemba, kwa gari. Siku ya kwanza niifuate treni ya Durango hadi Silverton, ya pili nipumzike, ya tatu niende Cumbres niiwahi ile inayorudi alasiri. Nina lenzi mbili, 24-70 na 70-200. Mwaka jana nilijaribu mahali pengine: injini ilitoka nyeusi tii, mvuke umeungua wote, yaani umekuwa mweupe mtupu. Niweke shata ngapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shata, yaani muda ambao kamera inaachia mwanga uingie, tutaifikia, lakini kwanza tuishike ratiba, maana hiyo itakuharibia picha kabla hujaitoa kamera kwenye begi.

Durango hadi Silverton ni kilomita 72 za reli, na barabara ya 550 inaambatana nayo mwanzoni tu. Ikishapita Rockwood, treni inaingia korongo la mto Animas, ambako gari halifiki. Utapanda mlima kwa njia yako, yenyewe kwa njia yake, mje mkutane Silverton ikiwa imeshasimama. Tena baada ya moto wa msituni wa mwaka 2018 walianza kuzigeuza injini zitumie mafuta badala ya makaa ya mawe. Siku mama akija, mpandishe treni hiyo. Ya kuvizia kwa gari siyo.

Nenda Cumbres moja kwa moja, na uipe siku mbili. Reli ya Cumbres & Toltec ni kipande cha kilomita 103 kilichosalia cha njia ya zamani ya Denver & Rio Grande, kutoka Antonito, Colorado, hadi Chama, New Mexico. Upana wake ni futi tatu, mwembamba kidogo kuliko ile reli ya mita moja aliyoijua babu yako. Kazi kubwa inafanywa na injini za K-36. Kiwanda cha Baldwin kiliunda kumi mwaka 1925, namba 480 hadi 489. Tano kati yake ziko hapa.

Sasa sikiliza. Injini ya mvuke hutoa picha inapofanya kazi, na inafanya kazi ikipanda. Kutoka Chama hadi kilele cha Cumbres, mita 3,053 juu ya bahari, reli inapanda mita nne kwa kila mita mia. Kwa treni huo ni ukuta. Injini inahema, moshi unasimama wima, mlio unakufikia kabla hujaona kitu. Ile ya alasiri unayoitaka inashuka mlima huohuo. Ikishuka, dereva amefunga mvuke na anashughulika na breki. Nayajua haya kwa sababu yalinipata: safari yangu ya kwanza nilikaa juu ya jiwe saa mbili nzima nikiingojea ile ya jioni, ikanipita kimya kama birika lililoepuliwa jikoni. Nilirudi na picha arobaini za birika.

Kwa hiyo lala Chama. Treni ya asubuhi kwa kawaida huondoka saa nne, ila hakikisha ratiba ya siku yako kabla hujatoka nyumbani. Fika stesheni saa moja. Mnara wa makaa na tangi la maji bado vipo, na injini huwa zinatayarishwa hapohapo. Baridi ya alfajiri ya Septemba ni rafiki yako, kwa kuwa mvuke hugeuka wingu jeupe hewa ikiwa baridi. Saa sita, jua likiwa kali, mvuke uleule hupotea angani karibu na bomba. Treni inapoondoka, hufungua vali za silinda na mvuke hutoka pembeni chini kwa kishindo. Piga hiyo, kisha ingia garini.

Barabara ya 17 inaifuata reli hadi Cumbres. Treni inatambaa kama baiskeli na itatumia zaidi ya saa moja. Wewe unatumia kama dakika ishirini na tano. Utashawishika kusimama mara sita. Simama mara tatu. Mahali pa kwanza ni karibu na daraja la chuma la Lobato. Pa pili ni bonde la Coxo, ambako unaiona treni mara mbili bila kuhama: inapita karibu nawe, inazunguka, kisha inatokeza juu mwambani pale Windy Point. Pa tatu ni Cumbres penyewe. Egesha nje kabisa ya mstari mweupe, usikanyage reli, na usivuke uzio wa mtu. Kama uko peke yako, kamera ikae kwenye kiti hadi gari lizimwe.

Kuhusu ule weusi wa mwaka jana, nadhani tatizo lako lilikuwa jua kabla ya kuwa shata. Hapa treni inaelekea kaskazini kwa sehemu kubwa, na saa nne na nusu jua liko kusini-mashariki, yaani nyuma yake kuliani. Ubavu wa kulia unapata mwanga, pua iko kivulini. Ukisimama upande wa magharibi umepata gogo la mkaa. Kaa mashariki ya reli, na uchague kona ambapo treni inageuka kulielekea jua, hapo pua inafunguka.

Haya, namba. Jua likiwa wazi anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na shata ya sekunde 1/800, na uziweke kwa mkono. Ukiiachia kamera iamue, itaiona injini nyeusi, iongeze mwanga, na mvuke uungue. Pima kwenye mvuke. Ukiona umeungua, nenda 1/1000. Weusi wa injini utaunyanyua baadaye kwenye kompyuta, mradi umepiga faili ghafi (RAW), siyo JPEG. Kilichoungua hakirudi.

Ila 1/800 ina kasoro yake: magurudumu hugandishwa, na treni huonekana imeegeshwa, kitu ambacho mama amekikataa. Gurudumu la K-36 lina kipenyo cha inchi 44, mzunguko wa kama mita tatu na nusu. Kwa kilomita 18 kwa saa linageuka karibu mara moja na nusu kila sekunde, kwa hiyo 1/800 inalikuta kama limesimama. Hata hivyo, moshi ukiwa mwingi, mtazamaji anaelewa kwamba inatembea. Kwa picha moja au mbili za kufuatisha, shuka hadi 1/30, panga miguu imara, zungusha kiuno pamoja na treni, na usiache kuzungusha baada ya kubonyeza. Vyuma vya magurudumu vitafifia, kibanda cha dereva kitabaki kikali. Kwenye jua hutafika 1/30 bila filta ya kupunguza mwanga, hata ukiwa f/16 na ISO 100. Inunue Denver kabla ya kuondoka. Na tegemea kuharibu tisa kati ya kumi, hata mimi ndivyo.

Siku ya pili rudia mlima uleule kwa lenzi nyingine. Beba koti zito, na betri ya akiba uiweke mfuko wa ndani, inafia baridini.

Treni ikishapita, usifunge begi. Siku za ukame hufuatwa na kiberenge kinachokagua cheche zilizoanguka kando ya mataruma. Kipige nacho. Mama ataijua sauti yake hata kwenye picha.