Kaunta ya mninga bafuni imepasuka: nirudie au niweke graniti?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, Njiro, Arusha. Mwaka jana nilitengeneza kaunta ya mninga ya kukalishia beseni la kunawia, upana sentimita 50. Niliigandisha kwa gundi juu ya kabati, nikaongeza skrubu, nikapaka vanishi juu mara tatu. Masika ilijikunja, sasa ina ufa unaoanzia kwenye tundu la bomba. Nirudie kwa mbao au niweke graniti?

JIBU: Marahaba. Rudia kwa mbao. Mninga haujakuangusha, ni katika mbao tulivu kabisa tulizonazo. Kilichoiharibu ni ile gundi ya kwenye kabati, na upande wa chini ulioachwa mtupu.

Mbao hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, kiangazi ikasinyaa. Kwa urefu ni kama haibadiliki, lakini upana wa sentimita 50 unaweza kwenda na kurudi milimita 2 hata 3. Ukiibana pande zote itapasukia palipo dhaifu, yaani kwenye tundu. Na mvuke wa bafu ulipoingia kwa chini, chini kukatanuka, juu kukabaki vilevile, ndipo ikajikunja.

Safari hii usiamini neno la muuzaji kwamba mbao ni kavu. Kata kipande, kipime kila wiki kwenye mizani ya jikoni, andika uzito kwa penseli hapo hapo kwenye kipande. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Kuunga, tafuta gundi iliyoandikwa D3 au D4 kwenye kopo, yaani inayostahimili maji.

Kwenye tundu usiwe na haraka hata kidogo. Niliwahi kufungua kaunta iliyong'aa juu kama mpya. Nilipotoa bomba nikakuta pete nyeusi ya uozo, upana wa kidole. Nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kama mrija. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko shina la bomba, lainisha kwa msasa namba 120, kisha paka epoksi kwa brashi ndogo. Itanyonywa. Paka tena, mpaka ibaki inang'aa. Vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, navyo vifanye hivyo hivyo. Halafu vanishi ya poliyurethani mikono 4, juu na chini sawasawa. Chini, sentimita 2 kutoka ukingo wa mbele, chimba kijifereji cha kina cha milimita 4: tone likifika hapo linaanguka, halitambai hadi kabatini.

Kuifunga, skrubu peke yake, gundi hapana. Za mbele zikaze kawaida. Za nyuma, refusha matundu ya kabati yaelekee mbele na nyuma, tia washa (kile kipete cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), kaza kwa kiasi. Ukutani acha milimita 5 uzibe kwa silikoni.

Ile ya zamani usiichome. Ipasue kwa msumeno kufuata ufa, piga randa, unga upya. Inatosha rafu ya bafu hilo hilo.