Jibu: Mwendokasi iko chini ya nani hasa?

Mkuu, umeuliza mbona kila ukilalamikia mwendokasi ya Dar, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, unarushwa ofisi hii na ile. Ni kwa sababu mradi wenyewe umegawanywa.

DART ndio wakala wa serikali anayesimamia mfumo, na yuko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara na vituo vilijengwa chini ya usimamizi wa TANROADS, wakala wa barabara, wao ni wa Wizara ya Ujenzi. Mabasi ya Kimara–Kivukoni, yaliyoanza Mei 2016, ikapewa kampuni ya UDART iyaendeshe. Hapo tayari ni milango mitatu.

Nauli je? Hiyo ni ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, waliorithi kazi hiyo kwa mdhibiti wa zamani, SUMATRA, kwa sheria ya 2019. Mwendeshaji hapandishi bei kienyeji: anapeleka maombi, wadau wanaitwa kutoa maoni, ndipo LATRA inapanga. Baraza la watumiaji la LATRA nalo husemea abiria kwenye vikao hivyo, ila ukumbi huwa na makoti mengi kuliko watu wa foleni ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

Ubovu wa mgawanyo huu unaonekana Jangwani. Karakana ya mabasi iliwekwa bondeni kabisa mwa mto Msimbazi, mvua ikikolea maji yanaingia na njia inafungwa. Mdhibiti wa nauli hana la kufanya hapo, yule ni wa leseni na bei, ramani ilipitishwa kwingine.

Kwa hiyo lalamiko la nauli au leseni peleka LATRA. La msongamano kituoni, anza na DART, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.