Kuchomoa spika hakuipumzishi ampli ya lampu

Swali: Papa fundi, jambo. Nina ampli ya lampu (zile vali za kioo) ya wati 15, na juzi nimenunua modela ya kidijitali, kifaa kinachoiga sauti za ampli na spika. Nyumba yetu hapa Katuba imebanana na za majirani, usiku siwezi kupiga gitaa. Kuna fundi ameniambia nichomoe spika, nipitishe kebo kutoka tundu la spika hadi kwenye modela, nisikilize kwa hedifoni. Anasema bila spika ampli inapumzika. Ni kweli?

Jibu: Ndugu, kama bado hujaiwasha hivyo, usiiwashe. Na huyo fundi usimpelekee tena chombo chenye lampu.

Neno hilo la kupumzika nalisikia kila mara hapa Lubumbashi, na linaniuma, maana ampli hizi ni ghali na transfoma zake huzipati sokoni. Ampli nyingi za transista huvumilia kukaa bila spika. Ya lampu haivumilii. Lampu za mwisho zinasukuma umeme kwenye transfoma ya kutolea sauti, na transfoma inategemea spika iupokee. Spika isipokuwepo, nguvu iliyojikusanya kwenye chuma cha transfoma inarudi nyuma, volti zinapanda kupita kiasi, zinatoboa vihami vya nyaya au zinaruka kwenye soketi ya lampu. Nikifungua ampli ya namna hiyo yenye lampu za mwisho za aina ya EL34, nakuta mstari mweusi kama wa penseli kati ya pini ya 3, inayobeba volti kubwa, na pini ya 2 ya kupashia lampu moto. Ule mstari ni kaboni, nayo inapitisha umeme. Ukibadilisha lampu ukaiacha soketi ileile, na lampu mpya itakufa. Muda wote huo kwa nje hujasikia kitu.

Utasema: lakini kebo imeingia kwenye modela. Mlango wa gitaa wa modela mara nyingi una ukinzani wa karibu omu milioni 1, na ampli yako inatafuta omu 8 au 16. Kwake ni sawa na kuachwa bila kitu. Na modela yenyewe haitapona: wati 15 kwenye omu 8 ni karibu volti 11, ilhali mlango ule umetengenezewa umeme mdogo wa gitaa.

Usiku acha ampli imezimwa. Gitaa liingie kwenye modela, modela iende hedifoni, na uigizaji wa spika uwe umewashwa, la sivyo sauti itakwaruza masikio. Mchana, kama ampli ina tundu la Return nyuma, linalopeleka sauti moja kwa moja kwenye lampu za mwisho, toa sauti ya modela uiingize hapo, zima uigizaji wa lampu za mwisho na wa spika ndani ya modela, anza na sauti ya chini kabisa. Spika ibaki imechomekwa. Hata ukitoa sauti kwenye Send, tundu la kutolea sauti kabla ya lampu za mwisho, kupeleka modela, spika ibaki, kwa sababu lampu za mwisho bado zinafanya kazi.

Ukitaka lampu zenyewe kwenye hedifoni, nunua kisanduku cha mzigo, kinachoshika nafasi ya spika, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye omu zilezile za ampli na kinachostahimili wati zaidi ya zake. Kiunganishe kwa kebo ya spika. Ile ya gitaa ni nyembamba mno.

Sizungumzii vile vikopo vinavyouzwa vikiwa na rezista moja ndogo ndani. Rezista ile inaungua, na ikishaungua umerudi kulekule bila spika. Wanaoviuza ndio haohao wanaozungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya sigara umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukirudi kwa kishindo, ndio wanaofungua ampli dakika ileile ilipochomolewa ukutani. Ndani ya ampli ya lampu kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300, na hizo zinaua mtu. Kabla ya kumwachia fundi yeyote ampli yako, mwulize anazitoaje chaji. Akikuambia inatosha kuchomoa waya, beba ampli yako urudi nayo nyumbani.