Samaki klauni mkubwa anamtesa mdogo na kuuma mkono

Pole ndugu. Umesema una samaki klauni wawili tangini: mkubwa umekaa naye miaka miwili, mdogo ana wiki moja tangu umlete, na sasa mkubwa anakung'ata hata mkono ukisafisha kioo. Huyo mkubwa karibu hakika ni jike. Klauni wote huanza wakiwa madume. Anayetawala hugeuka jike, na akishageuka harudi tena. Ndiyo maana ukiweka wakubwa wawili ambao wote wameshageuka majike, wanaweza kupigana hata mpaka mmoja afe.

Kwanza mtazame mdogo kwa makini. Akitetemeka mwili mzima na kujilaza ubavu mbele ya mkubwa, mwache: anasalimu amri, na hivyo ndivyo jozi inavyofungwa. Lakini mapezi yakichanika, au akijibanza pembeni juu karibu na hita na hali chakula, chukua hatua leo.

Mtoe MKUBWA, siyo mdogo. Mweke kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini, siku 7 hadi 10. Mdogo atazoea eneo. Panga mawe upya, kisha mfungulie mkubwa taa zikiwa zimezimwa. Akirudia, mtafutie mmoja tangi jingine.

Kuhusu mkono: baadaye wakishapatana, kagua jiwe lililo karibu na anemoni (mnyama wa baharini mwenye umbo kama ua, ambaye klauni hujificha kwake), kama unaye. Ukiona baka la mayai ya rangi ya chungwa, wanalinda kiota, na ukali utazidi kwa wiki moja hivi mpaka yaanguliwe. Kwa sasa tumia sumaku ya kusafishia kioo.